Kutoka Ngomeni Hadi Kitante: Tarikhi ya Nyumba ya Turathi za Uganda

Kilima kiitwacho Old Kampala chajulikana na Waislamu wote wa Uganda, na wengi wa nchi jirani wamepata kukipanda, kwa kuwa juu yake leo umesimama Msikiti wa Taifa, ambao mnara wake waonekana kutoka pande zote za mji. Wachache tu kati ya wanaosali hapo wakumbuka kwamba kilima hichohicho ndicho kilichokuwa makao ya kwanza ya nyumba ya makumbusho ya nchi hiyo, na kwamba nyumba hiyo, tangu ilipokuwa kibanda cha vitu vya ajabu hata ilipokuwa jengo kubwa la kuhifadhi sanaa na mila, imepita katika mikono mingi na hatari nyingi. Habari zake zastahili kuandikwa, maana zinahusu mambo ambayo jumuiya ya Waislamu yenyewe imepata kuyashiriki, mara kwa kujua na mara kwa kutojua.

Kapteni Lugard alifika Buganda mwezi wa Desemba 1890, akapiga kambi juu ya kilima hicho na kujenga boma. Mwaka uliofuata alikwenda magharibi hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawakuta askari wa Kisudani waliosalia kutoka jeshi la Emin Pasha, chini ya Selim Bey. Akawachukua, wao na wake zao na watoto wao na wafuasi wao, na sehemu yao akarudi nao Kampala. Watu hao, ambao baadaye waliitwa Wanubi, walikuwa Waislamu. Kabla yao walikuwa wamekwisha tangulia wafanya biashara wa pwani, kwani Sheikh Ahmed bin Ibrahim alifika barazani kwa Kabaka Suna mwaka 1844, na katika misafara ya Wazungu wenyewe wapagazi na askari wengi walikuwa Waswahili. Basi boma la Kampala, ingawa bendera yake ilikuwa ya Kizungu, halikuwa mahali pa Wazungu peke yao. Waliolilinda usiku, waliolipikia na waliolijenga walikuwa watu waliofunga Ramadhani.

Mwaka 1908, kwa shauri la George Wilson, afisa mkubwa katika Serikali ya Himaya, vitu vilivyokuwa vimekusanywa kutoka wilaya mbalimbali viliwekwa katika nyumba ndogo hapo ngomeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba ya makumbusho ya kwanza ya Uganda, na ni miongoni mwa za zamani kabisa katika Afrika Mashariki. Maafisa walikuwa wametakiwa waokote kila kitu cha kupendeza: silaha, vyombo vya nyumbani, ngozi za wanyama, ngoma, na zaidi ya yote vitu vya uganga. Kwa sababu hiyo watu wa Kampala hawakuiita kwa jina la Kiserikali. Waliiita Enyumba ya Mayembe. Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba hayo ni majembe ya kulimia. Kwa Kiganda jjembe ni pembe, na pembe inayosemwa hapa ni ile iliyotiwa dawa na kufungwa, ikaaminiwa kuwa ina pepo ndani yake wa kulinda au kudhuru. Kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa onyo. Mtu mwenye akili zake hakuwa na haja ya kuingia nyumba iliyojaa pembe za watu asiowajua.

Hofu hiyo haikuwa ya ujinga, kama baadhi ya Wazungu walivyopenda kuieleza. Vitu vile vilikuwa vimetoka majumbani mwa watu kwa njia nyingi. Vingine vilitupwa na wenyewe walipoingia katika Uislamu au Ukristo, maana dini zote mbili ziliwataka wafuasi wao waachane navyo. Vingine vilinyang'anywa, na vingine viliuzwa kwa siri. Aliyetupa pembe yake kwa kuogopa Mola wake hakutazamia kwamba ingeokotwa na Serikali na kuwekwa rafuni ili itazamwe. Kwa Mwislamu swali lilikuwa zito zaidi: je, kuhifadhi kitu cha ushirikina si kukiheshimu? Wako waliosema hivyo wakati ule, na wako wasemao hivyo hata leo. Lakini yafaa kupambanua. Kitu kilichotolewa mahali pake pa ibada, kikaandikwa jina la aliyekitengeneza na kabila lake na kazi yake, na kufungiwa kiooni, kimepoteza mganga wake na mteja wake; kilichobaki ni ushahidi wa jinsi watu walivyoishi. Misri ina masanamu ya Mafarao, na Waislamu wa Misri wameishi nayo karne nyingi bila kuyasujudia. Kosa la nyumba ya Old Kampala halikuwa kuhifadhi. Kosa lake lilikuwa kwamba ilihifadhi vitu vya kutisha kuliko vya kufundisha, ikawaonyesha wenye nchi uso mmoja tu wa baba zao.

Katika miaka hiyohiyo vitu vingine vilikuwa vinatoka nchini kabisa. Padri John Roscoe wa misheni ya Kiingereza, aliyekaa Buganda miaka mingi na kuandika kitabu kikubwa juu ya Waganda kilichochapishwa mwaka 1911, alikusanya vitu vingi na kuvipeleka katika nyumba ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Katika kazi hiyo alisaidiwa sana na Katikkiro Apolo Kaggwa, aliyekuwa mwenyewe mwandishi wa tarikhi ya watu wake. Miongoni mwa vitu hivyo yalikuwamo masalio ya Kibuuka, aliyeaminiwa na Waganda wa kale kuwa mungu wa vita, ambaye hekalu lake lilikuwa Mbaale katika Mawokota. Masalio hayo ni pamoja na mfupa wa taya. Desturi ya kale ya Buganda ilikuwa kwamba mfalme akifa, taya lake latolewa na kuwekwa peke yake katika nyumba ya heshima, kwa imani kwamba roho yake yakaa humo. Kabaka Muteesa wa Kwanza, aliyefunga Ramadhani miaka kadhaa na kuwaamrisha watu wake wafunge, alikuwa wa kwanza kuzikwa Kasubi mwaka 1884 na mwili wake mzima. Hapo mtu aweza kuona jinsi desturi ya miaka mamia ilivyovunjwa katika mazishi ya mtu mmoja, na kwa nini basi taya la Kibuuka, likiwa Cambridge au likiwa Kampala, si mfupa tu.

Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi nyumba ya ngomeni iliendelea kwa unyonge, ikijaa wadudu waliokaushwa na mikuki iliyoota kutu. Mabadiliko yaliletwa na mwanamke mmoja, Bibi Margaret Trowell, mke wa daktari. Alifika Uganda mwaka 1935, baada ya kukaa Machakos katika Kenya, ambako alikuwa amejifunza kazi za mikono za Wakamba. Mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji na uchongaji, kwanza barazani kwake huko Mulago, kisha chuoni Makerere, na darasa hilo ndilo lililokuwa Chuo cha Sanaa kinachojulikana hata leo kwa jina lake. Katika siku zake walitoka mafundi kama Gregory Maloba, Mkenya aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala, na Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wana wa Tanganyika.

Mnamo mwaka 1942 vitu vya Old Kampala vilihamishiwa Makerere na kuwekwa chini ya uangalizi wa Bibi Trowell. Uhamisho huo ulileta faida ambayo haikutazamiwa. Wanafunzi waliokuwa wakiandika na kuchora waliketi katikati ya vikapu, vyungu, ngao na nguo za magome ambazo bibi zao na babu zao walikuwa wamezifanya, wakazitazama kwa jicho la fundi, wala si kwa jicho la mtu aogopaye pembe. Bibi huyo alishikilia kwamba mchoraji wa Kiafrika asiyejua ususi na ufinyanzi wa kwao amekatwa mzizi. Kwa hakika alikuwa na mipaka yake. Alitaka pengine wanafunzi wake wabaki Waafrika kwa kadiri alivyoufikiria Uafrika yeye, na baadhi yao walimpita. Lakini kitabu cha kazi za mikono za makabila ya Uganda, alichokitoa mwaka 1953 pamoja na Klaus Wachsmann, kimebaki hazina. Kila kifundo cha ukindu na kila umbo la mpini vimechorwa humo kwa uangalifu ambao leo fundi aweza kuufuata akatengeneza kitu kilekile.

Huyo Wachsmann ndiye aliyeipa nyumba ya makumbusho roho yake. Alizaliwa Berlin mwaka 1907, na kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kiyahudi ilimbidi aihame nchi yake walipotawala Manazi. Akafika Uganda kufanya kazi ya elimu katika misheni, na mwaka 1948 akafanywa mtunzaji wa nyumba ya makumbusho. Alikuwa mjuzi wa muziki. Alisafiri na mashine ya kunasia sauti hadi pembe za mbali za nchi, akanasa nyimbo za wafugaji na wavuvi, za waganga na wapiga ngoma wa wafalme, na sahani alizozinasa zimehifadhiwa hata leo London katika Maktaba ya Taifa ya Uingereza. Yaonekana aliyajua mawili kwa pamoja: kwamba ala ya muziki isiyopigwa ni kuni, na kwamba watu wenyewe hawataingia nyumba ya makumbusho mpaka wasikie ndani yake kitu wanachokipenda.

Nyumba mpya ilikuwa lazima. Fedha zilitafutwa, na kiwanja kikapatikana Kitante, kando ya barabara iendayo Kira. Aliyechora ramani ya jengo alikuwa Ernst May, msanifu majengo wa Kijerumani aliyepata sifa kubwa Frankfurt kwa kuwajengea wafanya kazi nyumba nzuri za bei nafuu, akaenda kufanya kazi Urusi mwaka 1930, na mwaka 1934 akakimbilia Afrika Mashariki, akalima Tanganyika kabla ya kurudi katika ufundi wake. Kampala alikuwa ameijua vizuri, kwani katika miaka ya 1945 hadi 1947 alipanga upanuzi wa mji upande wa Kololo na Naguru. Ni ajabu kwamba nyumba ya turathi za Uganda ilisimamishwa kwa kichwa cha Mjerumani mmoja na moyo wa mwingine, wote wawili wakiwa wamefukuzwa na upepo uleule wa Ulaya. Watu waliopokonywa mji wao wenyewe pengine huona thamani ya vitu vya watu wengine upesi kuliko walio starehe.

Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1954. Si refu, wala halina mapambo ya kujionyesha. Dari zake zi juu, na sehemu ya juu ya kuta imeachwa wazi kwa mpango ili mwanga uingie bila jua kali na hewa ipite bila mashine. Anayeingia kutoka katika joto la barabara huhisi ubaridi kama wa nyumba ya mawe ya pwani. Lakini wakati wa kufunguliwa kwake Buganda ilikuwa katika msiba wa siasa: Kabaka Muteesa wa Pili alikuwa amepelekwa uhamishoni Uingereza tarehe 30 Novemba 1953, na hakurudi hadi Oktoba 1955. Nyumba ya kuhifadhi ngoma ilifunguliwa hali mwenye ngoma hayupo.

Chumba cha muziki ndicho kilichobadili sifa ya mahali hapo. Ala zimepangwa kwa jamii zake: ngoma mahali pao, zipulizwazo mahali pao, zenye nyuzi mahali pao, na zipigwazo kwa vijiti mahali pao. Jambo lililowashangaza wageni kutoka Ulaya ni kwamba waliajiriwa wapigaji ili watu wasikie. Mkubwa wao alikuwa Evaristo Muyinda, aliyezaliwa mwaka 1914, mpigaji wa barazani kwa Kabaka. Yeye aliketi katika nyumba ya makumbusho na kupiga amadinda, endere, endingidi na ennanga mbele ya yeyote aliyeingia, mtoto wa shule au profesa. Karibu na mwaka 1960 kijana wa Austria, Gerhard Kubik, alikaa miguuni pake kama mwanafunzi wa chuoni akaavyo kwa sheikh wake, na maandishi yake yakaipeleka marimba ya Waganda katika vyuo vikuu vya dunia.

Yafaa kueleza kwa nini marimba hiyo iliwashangaza wataalamu. Amadinda ina mapapi 12 ya mbao, ambayo kwa desturi hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji huketi pande mbili wakitazamana. Wa kwanza hupiga mwendo wake kwa nafasi zilizo sawa, bila kupumzika. Wa pili huingiza mwendo wake mwingine katikati ya mapigo ya mwenzake, pigo kwa pigo, kama meno ya zipu yaingianavyo. Wa tatu hana ila mapapi mawili ya mwisho, naye husikiliza wawili wale na kuokota sauti fulani na kuzirudia juu. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji asikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa watatu anayezipiga. Zazaliwa katikati yao. Muziki huo ulikuwa na majina ya kila sehemu na kanuni za kila mwendo, na walioutunga hawakuandika hata mstari mmoja. Mtu aliyesoma kwamba Waafrika hawakuwa na elimu ya muziki, akisha kusikia amadinda katika chumba kile, alikuwa na haja ya kusoma upya.

Zaidi ya amadinda ilikuwapo entenga, nayo ilikuwa ya Kabaka peke yake. Ni seti ya ngoma 15. Kati yake 12 hupimwa sauti moja baada ya moja kama mapapi ya marimba na kupigwa na watu wanne kwa fimbo zilizopindwa, na tatu zilizobaki hushikwa na watu wawili. Wapigaji walikuwa na zamu zao katika Lubiri, na kazi hiyo ilirithiwa.

Mji nao ulikuwa unajenga. Mwaka 1959 ilipitishwa sheria ya kuanzisha Kituo cha Taifa cha Utamaduni, na mwishoni mwa mwaka huo Jumba la Taifa la Michezo likafunguliwa katikati ya Kampala. Mwaka 1964 ikafuata nyumba ya picha iitwayo Nommo, huko Nakasero. Jumba la michezo mwanzoni lilitumiwa zaidi na Wazungu na Wahindi, kisha Waafrika wakalichukua kwa lugha zao. Mmoja wa waliolichukua, Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wake, alikamatwa na watu wa Serikali mwaka 1977 na kuuawa, muda mfupi baada ya kurudi na kundi lake kutoka tamasha la sanaa la Lagos. Wanaodhani kwamba nyumba za sanaa ni mahali pa upuuzi yawapasa wakumbuke kwamba watawala wakali hawajapata kuziona hivyo.

Uhuru wa Uganda ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka huohuo Cambridge iliyarudisha masalio ya Kibuuka, yakawekwa Kitante. Huo ulikuwa mmoja wa mifano ya mwanzo kabisa ya nchi ya Kiafrika kurudishiwa kitu chake kilichohamishwa katika zama za ukoloni, na wakati ule haukutazamwa sana, kwa kuwa watu walikuwa na bendera mpya ya kutazama. Wachsmann alikuwa ameondoka mwaka 1957. Baada yake alitumika Merrick Posnansky, mchimbuaji wa mambo ya kale, kutoka 1958 hadi 1962. Na hatimaye uangalizi ukaingia mikononi mwa mwana wa nchi, Charles Sekintu, ambaye alikuwa amefanya kazi na Wachsmann na kuandika pamoja naye juu ya mapambo ya kuta katika nyumba za Wahima.

Ndipo ikaja siku ya 24 Mei 1966. Majeshi ya Serikali yalilishambulia Lubiri la Mengo. Kabaka alitoroka, akafa London mwaka 1969. Waliouawa walikuwa wengi. Katika mali iliyoharibiwa zilikuwamo ngoma na ala za kifalme, na wapigaji waliookoka walitawanyika vijijini, wengine wakaogopa hata kutaja kazi waliyokuwa wakiifanya. Mwaka 1967 tawala za kifalme zikafutwa nchini kote, wala hazikurudishwa mpaka 1993. Kwa miaka ishirini na sita mwalimu aliyetaka kumfundisha kijana muziki wa barazani hakuwa na baraza la kumpeleka. Alikuwa na chumba kimoja Kitante, na Muyinda akiwa humo, na sahani za Wachsmann zikiwa ng'ambo. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wale waliohangaika kuitafutia nyumba mahali pa kudumu hawakuhangaikia mchezo. Entenga yenyewe ilinyamaza nusu karne, ikaja kufufuliwa katika miaka ya karibuni na walimu na vijana waliomkuta mmoja wa wapigaji wa zamani akiwa bado hai na mikono yake ikikumbuka.

Miaka ya 1970 na ya 1980 yaweza kupitwa upesi. Nyumba haikubomoka, lakini nchi yenye vita haina fedha za kununulia vioo. Jambo moja la zama hizo lahusu jumuiya ya Waislamu hasa. Mwaka 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda ili kuziunganisha jamaa zilizokuwa zimegawanyika, na kilima cha Old Kampala kikawa makao yake. Ujenzi wa msikiti mkubwa ulianza zama hizo, ukasimama miaka mingi, ukaja kumalizwa kwa msaada wa Libya. Ulikamilika mwaka 2007 na kufunguliwa rasmi Machi 2008. Ili upatikane uwanja, boma la zamani la Lugard liliondolewa mahali pake, na mfano wake ukajengwa karibu. Watunzaji wa mambo ya kale walisikitika, na walikuwa na haki ya kusikitika. Hata hivyo, ukumbusho wa boma haumo katika matofali peke yake. Wajukuu wa askari wa Selim Bey wako Bombo na Kampala hata leo, wana lugha yao, na wanawake wao husuka vyano vya rangi nyingi ambavyo fundi yeyote wa Afrika Mashariki huvitambua akiwa mbali.

Na hapa lipo pengo ambalo yawapasa wasomaji wa kijitabu hiki kulitazama. Waislamu wa Uganda wana turathi zao ndani ya turathi za Uganda. Kanzu, ambayo sasa Mganda wa dini yoyote huivaa harusini na kuihesabu kuwa vazi la jadi, ilitoka pwani pamoja na wafanya biashara Waislamu, ikachukua mahali pa nguo ya gome la mutuba. Matali, yaani matari ya Waswahili, yalifika Buganda na Busoga, yakatiwa nyimbo za Kiganda na Kisoga, na leo hupigwa katika Maulidi na arusi kwa mwendo ambao mtu wa Lamu angeutambua nusu na kuustaajabia nusu. Maneno ya Kiswahili yamejaa katika Kiganda, kuanzia kitabo hadi saawa. Barua za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, misahafu ya babu, picha za mahujaji wa mwanzo: vitu vya namna hiyo kwa kawaida hukaa masandukuni na madrasani, na masanduku huliwa na mchwa. Jumuiya imejenga misikiti na shule kwa bidii isiyokanushika. Chumba kimoja cha kuhifadhi kumbukumbu zake kisingegharimu hata mlango wa msikiti mkubwa.

Hatari ya mwisho ilikuja wakati wa amani. Machi 16, 2010, moto uliteketeza nyumba kubwa ya makaburi ya wafalme Kasubi, mahali palipoandikwa na UNESCO tangu 2001 kuwa urithi wa dunia. Kazi ya kuijenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 ndipo UNESCO ilipoitoa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Majivu ya Kasubi yalikuwa hayajasahauliwa ilipotangazwa, mwaka 2011, kwamba Serikali yataka kiwanja cha Kitante kwa jengo la biashara la ghorofa 60. Ilielezwa kwamba makumbusho yangepewa sehemu ndani ya jengo hilo. Vyama vya kutunza mambo ya kale vilipinga, vikaenda mahakamani, na magazeti yakaandika. Baadhi ya wakubwa waliuliza ni watu wangapi hasa waingiao nyumba hiyo kwa siku. Swali hilo lilistahili jibu, na jibu lilikuwa langoni kwenyewe, katika mabasi ya watoto wa shule waliokuja kutoka wilayani kuona ngoma na nyumba za nyasi za makabila zilizojengwa nyuma ya jengo. Ghorofa 60 hazikujengwa. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria mpya ya makumbusho na mambo ya kale, ikachukua mahali pa ile ya 1967.

Mwezi wa Juni 2024 yalifika Kitante masanduku kutoka Cambridge. Ndani yake vilikuwamo vitu 39, vyungu na mavazi ya heshima na vinginevyo, vilivyochukuliwa zaidi ya miaka mia iliyopita na vilivyochaguliwa na Waganda na watu wa makabila mengine wa Uganda waliokwenda wenyewe kuvitazama katika maghala ya chuo kile. Havikurudishwa kama masalio ya Kibuuka yalivyorudishwa mwaka 1962. Vimetolewa kwa azima ya miaka mitatu, na mazungumzo juu ya kitakachofuata yamo mikononi mwa nyumba hizo mbili.